Kutoka Kadutu Kushuka Ibanda: Historia ya Maandamano ya Wanafunzi wa Bukavu

Anayetaka kuielewa historia ya maandamano mjini Bukavu na aanze kwa kutazama mteremko wa mji wenyewe. Wakati wa Wabelgiji mji uliitwa Costermansville, jina lililodumu hadi 1954, na uligawanywa kwa namna ambayo hata leo macho huiona. Ibanda, kando ya Ziwa Kivu na juu ya rasi zake, palikuwa mahali pa Wazungu, ofisi na maduka makubwa. Kadutu na Bagira zilikuwa makazi ya Waafrika waliohitajika mchana kwa kazi na kutakiwa jioni warudi kwao. Uhuru ulifuta sheria ya utengano huo, lakini ofisi zikabaki Ibanda na umati ukabaki Kadutu. Kwa sababu hiyo kila maandamano makubwa ya Bukavu yamekuwa na mwelekeo mmoja: watu hushuka kutoka kwenye nyumba zilizobanana mlimani, wakaelekea chini, kwenye barabara kuu na ofisi za wenye mamlaka. Katika safari hiyo wanafunzi wamekuwa mstari wa mbele kwa miaka mingi. Swali ninalotaka kulichunguza hapa ni kwa nini sauti yao ilipata uzito mkubwa zaidi katika kipindi ambacho wao wenyewe walikuwa maskini kuliko wanafunzi wote waliowatangulia. Hoja yangu ni kwamba mambo mawili ya kawaida kabisa yalibadilika: nani anamlipia mwanafunzi masomo, na usiku mwanafunzi analala wapi. Hayo mawili ndiyo yaliyoyageuza maandamano ya kundi dogo la wasomi yakawa maandamano ya mji.

Tuanze na miaka ya 1960, wakati mambo yalikuwa kinyume. Kijana wa Kivu aliyefaulu sekondari na kutaka chuo kikuu ilimbidi asafiri mbali sana. Lovanium, iliyofunguliwa 1954, ilikuwa Kinshasa. Chuo kikuu cha serikali kilikuwa Lubumbashi. Na kile cha Waprotestanti kilianza Kisangani mwaka 1963. Huko aliishi bwenini, akala mezani kwa chuo, akapokea burse, yaani posho ya masomo, ya serikali. Alikuwa mmoja wa wachache mno katika nchi iliyopata uhuru ikiwa na watu wachache waliomaliza chuo kikuu. Umoja wa wanafunzi wa Kongo, UGEC, ulioanzishwa 1961, ulikuwa na fikra pana: ulimtetea Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, baada ya kuuawa kwake, ulizungumza juu ya ukoloni mamboleo, na ulidai vyuo viwe vya Wakongo kwa kweli. Januari 4, 1968, makamu wa rais wa Marekani Hubert Humphrey alipokuja kuweka shada kwenye mnara wa Lumumba mjini Kinshasa, wanafunzi walijitokeza kumpinga, kwa sababu waliona ni dharau kubwa kwa wale waliohusishwa na anguko la Lumumba kuja kumpamba akiwa amekufa. Serikali ya Mobutu ikaupiga marufuku umoja huo, na nafasi yake ikachukuliwa na tawi la vijana la MPR, chama chake Mobutu.

Kisha ikaja Juni 4, 1969. Wanafunzi wa Lovanium walitoka kuandamana kuelekea katikati ya Kinshasa, wakidai burse inayotosha maisha na sauti katika uongozi wa chuo. Askari waliwafyatulia risasi. Serikali ilitaja idadi ndogo ya waliokufa, wanafunzi wakataja makumi, na maiti nyingi hazikurudishwa kwa familia ili zizikwe kama desturi inavyotaka. Miaka miwili baadaye wanafunzi walipowakumbuka wenzao, chuo kilifungwa na wao wakaandikishwa jeshini kwa nguvu. Mwezi Agosti 1971 vyuo vikuu vyote vitatu vikaunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, chini ya mkono wa serikali. Ukatili huu hauna kisingizio. Lakini ni lazima pia kuuliza kwa nini mji wa Kinshasa haukuinuka pamoja na vijana wake, na kwa nini Bukavu, ambayo watoto wake walikuwa katika mabweni yale, haikutikisika. Bukavu ilikuwa na majeraha yake: mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliikalia kuanzia Agosti hadi Novemba, wakaiacha imebomoka. Kwa mama wa Kadutu aliyekuwa akitafuta bati la kuezekea, habari ya burse ya mwanafunzi aliyelala kwenye kitanda cha chuo ilikuwa habari ya mbali. Mobutu aliliona pengo hilo akalitumia: aliwaeleza wananchi kwamba wanafunzi ni watoto waliodekezwa wanaodai zaidi. Ulikuwa uongo, kwa maana madai yao yalikuwa ya haki. Hata hivyo ulisikika kama kweli masikioni mwa watu ambao hawakuwahi kula mezani pale.

Ukuta kati ya mwanafunzi na mji ulianza kubomoka serikali ilipoanza kufilisika. Katika miaka ya 1980 burse ilipungua thamani hadi ikawa jina tu, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa imekufa. Mishahara ya walimu nayo ikawa haitoshi hata wiki moja. Baada ya mgomo mrefu wa walimu, maaskofu na vyama vya wazazi walikubaliana kwamba wazazi wenyewe watoe fedha ya kuwasaidia walimu ili shule zifunguliwe. Mpango huo uliitwa wa muda, ukadumu karibu miaka thelathini. Chuoni, minervali, yaani karo, ikawa mzigo wa ukoo mzima. Sasa aliyemsomesha mwanafunzi wa Bukavu alikuwa mama anayeuza sambaza na fufu katika soko la Kadutu, au mjomba mwenye ng'ombe wawili Walungu, au dada aliyekuwa akivusha bidhaa kwenye daraja la Ruzizi, mpakani na Rwanda. Nikitazama historia hii naona kwamba jambo hili lina uzito kuliko hotuba zote za kisiasa za wakati ule. Mwanafunzi aliyekuwa akila kwa mkono wa serikali aliweza kuidai serikali, lakini deni lilikuwa kati ya hao wawili. Mwanafunzi anayekula kwa mkono wa mama wa soko, akiidai barabara, usalama au mshahara wa mwalimu, huwa anadai mali ya mama yule.

Badiliko la pili lilihusu mahali. Usiku wa Mei 11 kuamkia Mei 12, 1990, majuma machache tu baada ya Mobutu kutangaza mwisho wa chama kimoja, wanafunzi walishambuliwa na kuuawa katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Idadi ya waliokufa imebishaniwa mpaka leo, na Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, kwa sababu ya tukio hilo. Kwa wazazi wa Kivu yalikuwa mambo mawili ya kuogopesha kwa pamoja: nauli ya kumpeleka mtoto mbali, na hatari ya kumpoteza huko. Wakati huohuo Bukavu ilikuwa inajijengea vyuo vyake. Chuo cha ualimu, ISP, na kile cha maendeleo ya vijijini, ISDR, vilikuwapo tayari. Chuo Kikuu cha Kikatoliki kilianza 1989, kile cha Kiinjili kikafuata mwaka 1991, na mwaka 1993 likaanzishwa tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani ambalo baadaye, mwaka 2004, likawa Chuo Kikuu cha Serikali cha Bukavu. Hivyo katika muda wa miaka minne au mitano mwanafunzi aliacha kuwa mtu wa bwenini akawa kijana wa mtaa. Asubuhi yuko darasani, jioni anachota maji pamoja na jirani, Jumapili anaimba kwaya parokiani. Jirani anajua amefaulu au ameshindwa. Akipigwa na askari, habari inafika nyumbani kwa miguu.

Uzito wa mambo hayo mawili ulionekana wakati wa utawala wa RCD, kundi lililoungwa mkono na Rwanda lililoushika mji kuanzia Agosti 1998. Mwaka 1999 wakuu hao waliifunga Radio Maendeleo, redio ya wananchi iliyokuwa ikisikilizwa kila nyumba. Mji wenye redio iliyofungwa hutafuta njia nyingine za kupashana habari, na Bukavu ilizipata katika mimbari na katika miguu ya vijana. Asasi za kiraia ziliitisha siku za mji kufungwa, maduka na shule na usafiri vyote kusimama, kwanza mwaka 1999 na tena mwishoni mwa Januari 2000. Katikati ya siku hizo mbili ulikuja ujumbe wa Noeli wa Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, wa Desemba 1999, ulioshutumu mataifa ya nje na Wakongo walioshirikiana nayo kuifanya nchi kuwa uwanja wa vita na uporaji. Februari 2000 RCD walimzuia asirudi kwenye kiti chake wakampeleka Butembo kwa nguvu. Mji ulijibu kwa mgomo, shule zikafunga milango, na wanafunzi wakaingia barabarani wakidai mchungaji wao arudishwe. Walitawanywa na askari, na viongozi wa asasi za kiraia wakakamatwa. Lakini shinikizo halikulegea, na Septemba 2000, baada ya miezi saba, Kataliko alirudi Bukavu akapokewa na umati mkubwa. Majuma machache baadaye, Oktoba 2000, alifariki akiwa Roma.

Msomaji makini atauliza: je, si Kanisa lililofanya kazi yote hiyo, na wanafunzi walikuwa miguu tu ya kukimbilia? Hoja ina nguvu. Bukavu ni mji ambao Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa Nyawera Oktoba 29, 1996, baada ya kuusihi ulimwengu usiwasahau raia na wakimbizi, na kiwanja alipouawa kinaitwa kwa jina lake. Mamlaka ya maaskofu hawa hayakutokana na wanafunzi. Hata hivyo barua ya askofu husomwa kanisani kwa dakika chache, kisha waumini huondoka. Ili iwe mgomo wa siku kadhaa katika mji wenye njaa, pale ambapo kila siku bila soko ni siku bila chakula, lazima wawepo watu wa kwenda nyumba kwa nyumba, wa kuandika karatasi kwa mkono, wa kumweleza mwenye duka kwa nini afunge, na wa kurudi kesho yake kumshukuru. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na kijana aliyekuja kutoka bwenini asiyejulikana. Kijana wa mtaa aliiweza kwa sababu mwenye duka alikuwa anamjua mama yake. Kwa hiyo sioni haja ya kuchagua kati ya Kanisa na wanafunzi: Kanisa lilitoa neno, na mwanafunzi aliyekuwa amerudi kuishi nyumbani akalifikisha mahali ambapo redio ilikuwa imenyamazishwa.

Pingamizi zito zaidi ni jingine, na halipaswi kupitwa haraka. Kama mwanafunzi amekuwa mtoto wa mji, basi amerithi pia chuki za mji. Septemba 1996, vita vilipokuwa vinakaribia, watu wa Bukavu waliandamana dhidi ya uvamizi kutoka Rwanda, na maandamano hayo yalichanganya waziwazi wavamizi na majirani: Wabanyamulenge, Watutsi wa Kivu Kusini, wakatajwa wote kama adui. Mwezi uliofuata, makamu wa gavana wa Kivu Kusini aliwapa muda wa siku chache waondoke, na raia wengi wa jamii hiyo wakauawa katika majuma yale. Mwisho wa Mei 2004, kabla maofisa waasi Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi hawajauteka mji kwa siku kadhaa na majeshi yao kuua na kubaka, raia Wabanyamulenge walikuwa wameuawa tena ndani ya Bukavu. Nkunda akatumia mauaji hayo kama kibali cha uhalifu wake. Anayependa maandamano ya Bukavu hana budi kuyakubali haya yote. Ukaribu uleule unaomfanya mwanafunzi aaminiwe na mtaa wake unaweza kumfanya abebe bango ambalo jirani mmoja atalisoma kama hukumu ya kifo. Sikubali kwamba tiba ni kumrudisha mwanafunzi bwenini, mbali na watu, eti awe na akili safi. Wasomi wa mbali wameandika chuki nyingi kuliko mama wa soko. Kipimo kiko katika madai yenyewe: je, bango linataja kitendo na mwenye kukitenda, au linataja kabila?

Na madai yamebadilika. Oktoba 1, 2010, Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti iliyoorodhesha matukio 617 ya uhalifu mkubwa uliofanyika Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Ndani yake wamo wahanga wa kila upande: wanakijiji wa Kasika na Makobola, wakimbizi Wahutu kutoka Rwanda, na Wabanyamulenge waliouawa mwaka 1996 na 1998. Mwezi huohuo, Oktoba 17, 2010, wanawake kwa maelfu kutoka nchi nyingi waliandamana Bukavu kuhitimisha Msafara wa Wanawake wa Dunia, wakiutangaza mji huu kama mahali ambapo ubakaji ulikuwa umefanywa silaha. Miaka kumi baadaye, Oktoba 1, 2020, umati ulishuka tena barabarani Bukavu ukimuunga mkono Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, aliyekuwa akitishiwa maisha, na kudai mahakama ya kimataifa kwa ajili ya matukio yale 617. Waandamanaji walikabidhi waraka wao katika ofisi ya MONUSCO, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa. Ukilinganisha siku hiyo na Septemba 1996 utaona umbali mkubwa uliotembewa. Anayedai mahakama kwa matukio yote yaliyoorodheshwa anadai, atake asitake, haki ya jirani ambaye mji wake ulimfukuza. Sisemi kila aliyeandamana alikuwa amefikia hapo moyoni mwake. Nasema dai lenyewe lilikuwa pana kuliko mioyo ya baadhi ya waliolibeba, na jambo hilo lina faida yake.

Wapo pia wanaosema maandamano hayaleti kitu isipokuwa maiti. Januari 2015, serikali ya Joseph Kabila ilileta mswada uliofunga uchaguzi kwenye sensa ya watu, yaani kuusogeza mbele kwa miaka isiyojulikana. Wanafunzi wa Kinshasa walitoka, Goma na Bukavu zikafuata, mtandao wa intaneti ukakatwa, na makumi ya watu wakauawa, wengi wao Kinshasa. Ndani ya wiki ile ile Seneti ilikiondoa kipengele kile, na bunge likakubali. Ni ushindi ulioandikwa katika sheria, na yeyote anaweza kuusoma. Lakini ni kweli vilevile kwamba uchaguzi uliopaswa kufanyika 2016 ulifanyika Desemba 30, 2018. Mpinzani atasema basi damu ilimwagika bure. Mimi naona kwamba bila Januari ile kusingekuwa na tarehe ya kukiukwa. Serikali iliyochelewa miaka miwili ilichelewa mbele ya watu waliokuwa wanahesabu, na hesabu hiyo ndiyo iliyofanya vuguvugu la vijana kama LUCHA, lililozaliwa Goma mwaka 2012 na kuenea hadi Bukavu, liendelee kuwa na la kusema. Gharama ilikuwa kubwa mno, na waliofyatua risasi ndio wanaodaiwa. Kumlaumu aliyekufa kwa kutembea barabarani ni kumsamehe aliyemuua.

Kuna jambo ambalo kila mtu Bukavu analijua: wanasiasa huwanunua wanafunzi. Fulana, nauli, kinywaji, na kesho yake kamati ya wanafunzi ina msimamo mpya. Linatokea, na umaskini uliomuunganisha mwanafunzi na mji ndio huohuo unaomfanya awe rahisi kununuliwa. Ila maandamano ya kununuliwa hutambulika mapema: hayana dai ambalo mama wa soko anaweza kulieleza kwa maneno yake, na fedha ikiisha nayo huisha. Linganisha na Oktoba 2021, wanafunzi wadogo wa shule za Kinshasa walipoingia hadi kwenye jengo la bunge wakitaka walimu wao, waliokuwa wamegoma, walipwe warudi darasani. Elimu ya msingi ilikuwa imetangazwa kuwa bure tangu 2019, mzigo wa wazazi ukaondolewa, lakini mwalimu akabaki na mshahara usiotosha. Hakuna mwanasiasa aliyehitajika kuwaeleza watoto wale tatizo liko wapi.

Sheria nayo imekuwa upande wa waandamanaji kwa maandishi. Kifungu cha 26 cha Katiba ya Februari 18, 2006 kinawataka waandaaji wa maandamano waiarifu mamlaka kwa barua, basi. Hakisemi waombe ruhusa. Wakuu wa miji, Bukavu ikiwamo, wameendelea kutenda kana kwamba amri ya Januari 29, 1999, iliyotungwa wakati wa vita, ndiyo iliyo juu ya Katiba. Ndiyo maana viongozi wa wanafunzi wamejifunza kugonga muhuri wa mapokezi kwenye nakala ya barua yao na kuihifadhi: karatasi hiyo ndiyo hushindaniwa baadaye mbele ya polisi na hakimu.

Maandamano, kwa vyovyote, humhitaji mpokeaji. Mwaka 1969 mpokeaji alikuwa serikali iliyotoa burse. Mwaka 2000 alikuwa RCD, mwaka 2015 alikuwa bunge, mwaka 2020 alikuwa Umoja wa Mataifa. MONUSCO ilimaliza kazi yake Kivu Kusini katikati ya 2024 na ofisi iliyopokea waraka ule ikafungwa. Katikati ya Februari 2025 waasi wa M23, wanaoungwa mkono na Rwanda, waliingia Bukavu, na Februari 27 milipuko ikaua watu katika mkutano wa hadhara wa viongozi wao kwenye Kiwanja cha Uhuru, mahali ambapo vizazi vya waandamanaji vimekusanyika kabla ya kushika barabara. Mahakama iliyodaiwa haijaundwa. Vyuo vingali Bukavu, minervali bado hulipwa na ukoo, na wanafunzi wanalala Kadutu, Bagira na Panzi kama walivyolala wakati wa RCD. Lililobadilika ni kwamba kwa sasa hakuna mlango huko Ibanda ambao wanaweza kuugonga, wakakabidhi waraka, wakarudishiwa nakala yenye muhuri.